Siku Mtani Hakutania

1

Sista Vaileti aliingia katika ofisi ya Saccos ya Mrindi akiwa ametukanwa mara tatu kabla ya chai ya saa nne, na alitaka kumwona aliyemfundisha mama wa watu matusi yale.

"Nani hapa anaitwa Mtani?" aliuliza, mkoba ungali begani.

Aikaruwa Mmari aliinua mkono kutoka nyuma ya meza yake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mnene wa kiasi, mcheshi wa kuzaliwa, na katika jengo lile lililojaa Wapare yeye peke yake alikuwa Mchaga. Wala haikutokea hivyo kwa bahati. Uchaga wake ndio uliompa kazi.

"Ni mimi, dada. Karibu. Kama kuna Mpare amekutuma kudai kuku wake, kesi za kuku ziko kwa mwenyekiti."

Sista hakucheka. "Mimi ni muuguzi wa hospitali ya hapo chini. Nina mgonjwa anaitwa Mbazi Msuya, fundi wa milingoti ya kunasa maji ya ukungu. Ameanguka leo asubuhi. Nimempigia mama yake mara tatu. Mara ya kwanza akaniambia naigiza vibaya. Mara ya pili akasema kilio changu cha mbuzi. Mara ya tatu akasema, 'Mwambie huyo Mchaga wako ajifunze kwanza kuvunjika vizuri ndipo anipigie.' Akakata simu anacheka. Sasa nakuuliza wewe, huyo mama ana akili timamu?"

Tabasamu la Aikaruwa lilikufa papo hapo. Yule mama alikuwa na akili timamu kuliko wanachama wote wa Mrindi, na hapo ndipo ilipokuwa shida.

Mgeni wa milima ile ya Wapare huwa haelewi mpaka asimuliwe habari za Mwaka wa Sauti. Ulikuwa mwaka ambao mashine za kuotesha sauti zilianza kuuzwa bei ya kiatu. Mashine hizo zilihitaji maneno matatu tu kutoka kinywani mwako, hata kikohozi cha sokoni, na kutoka hapo zikaotesha sauti yako yote, na lafudhi yake, na kigugumizi chake, na namna unavyovuta pumzi ukidanganya. Matapeli wakawapigia kina mama kwa sauti za watoto wao, na wajane kwa sauti za wachungaji wao. Vyama vitatu vya akiba vilivyokuwa kando ya barabara ya milimani vilikufa mwaka huo huo. Kipya chochote kilichobuniwa kuwalinda wanachama, matapeli walikuwa nacho wiki iliyofuata.

Mrindi ilipona kwa sababu ya msiba. Mzee Senzota Mchome, mwenyekiti, alikuwa akimzika kaka yake, na watani wao wa Kichaga wakafika kama ilivyo desturi. Mmoja akajilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Mzee Mchome, akiwa na huzuni yake pale, akawaza: kumbe yuko mtu duniani anayeweza kukulaghai, akuchukulie na kuku, na ukarudi nyumbani ukimpenda. Ndugu akikudanganya mnakosana, na mfanyakazi akikudanganya unamfukuza. Mtani ana ruhusa.

Basi chama kikaajiri mtani. Kikamnunulia mashine ile ile ya matapeli, kikaipa jina Kinyago, na kikatunga sheria: kila mwezi Mtani atamlaghai kila mwanachama mara moja, kwa sauti yoyote, siku yoyote. Ukinaswa hupotezi kitu. Jumamosi unasimama tu mbele ya wenzako kwenye banda la kukaushia tangawizi, kikapu kichwani, na wenzako wanakutania mpaka wachoke. Kwa miaka tisa tapeli hakuwahi kuambulia hata neno moja la siri Mrindi. Watu walimshukuru Aikaruwa kwa mbogamboga, kwa maziwa, kwa ndizi alizoambiwa kila mara kwamba ni mbovu ndiyo maana anapewa Mchaga.

Mama Mbazi hakuwahi kubeba kikapu. Miaka tisa, mara moja kila mwezi, na hakuwahi hata kutetereka. Aikaruwa alimwinda kama mtu anavyowinda panya mmoja jikoni. Mwezi uliopita tu alikuwa amempigia kwa sauti ya Mbazi mwenyewe, analia, mguu umevunjika. Mama Mbazi alimwacha alie mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama miguu ya Wachaga huvunjikia puani, maana kilio chote kilitokea huko.

Sasa mguu umevunjika kweli.

"Twende," alisema Aikaruwa, akitafuta viatu vyake chini ya meza.

"Wapi?"

"Nikamwone. Sijui kama na wewe ni muuguzi kweli."

Sista Vaileti alitukanwa mara ya nne siku ile, lakini safari hii alielewa.

2

Alikuwa muuguzi kweli. Mbazi alikuwa amelala wodini, uso umepoteza rangi, mguu wa kushoto umefungwa mbao, na chini ya shuka upande wa mbavu pamevimba. Aikaruwa aliushika ule mguu usioumia, akaubana kidole gumba. Ulikuwa wa moto na ulikuwa wa mtu. Alimfahamu Mbazi tangu akiwa msichana aliyechekelea kila mama yake alipokwepa kunaswa.

"Damu inavuja ndani na haigandi," alisema Dakta Kirigha, mtu wa maneno machache. "Ni ugonjwa wa ukoo. Dawa yake hufumwa hapa hapa na mashine yetu, kwa kufuata ramani ya damu ya mgonjwa. Nikiifuma kwa kubahatisha nitamuua. Ramani yake iko wapi?"

Aikaruwa alijua iko wapi. Baada ya Mwaka wa Sauti, watu wa Mrindi waliacha kuweka siri za miili yao popote isipokuwa chamani. Maana tapeli mwenye ramani ya damu yako anaweza kujifanya wewe mpaka mbele ya hakimu. Ramani ya Mbazi ilikuwa ndani ya sanduku la ukoo wa Msuya, na sanduku lile lilifunguliwa na mtu mmoja tu: Mama Mbazi, kiganja chake juu ya jiwe jeusi lililoko sebuleni kwake, na neno lake la siri kinywani. Akifanya hivyo kule mlimani, ukurasa wa ramani unatua hapa hospitali kabla hajainua mkono.

"Una muda gani?" aliuliza.

"Mpaka saa saba mchana. Baada ya hapo sitaki kukudanganya."

Ilikuwa saa tano kasoro dakika chache.

Wakati huo mwenyekiti alikuwa ameshasikia, na ameshajaribu. Alimpigia jirani wa Mama Mbazi, mwanamke mwenye busara zake aitwaye Nambike, akamweleza kwa upole. Nambike akamsikiliza, akasema, "Mtani, leo umekuja na sauti ya mwenyekiti! Hongera, umempatia mpaka kikohozi," akakata. Alimpigia mchungaji. Mchungaji, ambaye alishabeba kikapu mara mbili mwaka ule na hakutaka ya tatu, hakupokea kabisa.

"Tumewafundisha vizuri mno," alisema Mzee Mchome, Aikaruwa aliporudi ofisini na kumkuta ameketi kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti. Kisha akaelekeza macho kwenye Kinyago. "Nimeiuliza."

Kinyago kilikuwa mezani, ukubwa wa redio ya kizamani. Hakikuwa na akili ya kusikitika wala kufurahi. Kiliandika tu kwenye kioo chake. Na kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili.

*Sauti: marehemu Elinami Msuya. Njia: maneno ya ukumbusho.*

*Uwezekano wa kufanikiwa: tisini na sita kwa mia. Muda: dakika tatu.*

Aikaruwa alikaa chini.

Elinami, mume wa Mama Mbazi, alikufa polepole na alipata nafasi ya kujiandaa. Aliacha maneno chamani, ya kutolewa kidogo kidogo, kila mwaka siku ya ndoa yao. Aliacha kumi. Saba yalishatoka, matatu yalibaki, yamefungwa, hata chama hakijui yanasemaje. Kila mwaka ni Aikaruwa aliyeyapeleka, kisha akatoka nje akakaa barazani ili asisikie. Siku hiyo Mama Mbazi huweka vikombe viwili vya chai. Siku hiyo hatanii. Katika ngome yote ya mwanamke yule, hapo palikuwa na mlango mmoja usio na komeo, kwa kuwa haikumwingia akilini kwamba kuna mtu anaweza kuutumia.

Kinyago kilikuwa kimeuona mlango ule miaka mingi. Kila mwezi kilimpendekezea, na kila mwezi Aikaruwa alikataa.

"Piga," alisema mwenyekiti kwa sauti ya chini. "Marehemu amwambie aweke mkono kwenye jiwe. Binti anapona. Tutaomba radhi baadaye."

"Na yale matatu yaliyobaki, mzee?"

"Yale ni ya kweli."

"Atajuaje?"

Mzee Mchome aliizungusha fimbo kati ya magoti yake.

"Leo nitamwokoa Mbazi," alisema Aikaruwa, "halafu nimuue marehemu mara ya pili. Kila atakaposikia sauti ya mumewe atajiuliza kama ni mimi. Na siyo yeye tu. Mrindi nzima itajua kwamba Mtani akiona ana sababu nzuri, anachukua siri kweli. Kila tapeli duniani ana sababu nzuri, mzee. Watakuja na yangu."

"Basi mpigie wewe, kwa sauti yako, mwambie ni kweli."

"Mzee, wewe ndiye uliyeandika sheria. Mtani hasemi 'hii ni kweli.' Siku nitakapolisema, kesho yake sauti yangu itaoteshwa na kulisema kwa wanachama wote."

"Aikaruwa." Ilikuwa nadra kumwita kwa jina lake. "Mtoto wa mwenzetu anakufa."

"Najua. Nimemshika mguu." Alisimama, machozi yamemjaa machoni. "Kutoka hapa mpaka kwa Mama Mbazi ni saa moja na robo kwa pikipiki. Nitakwenda mwenyewe."

"Na barabara ikikukatalia?"

Alikichomoa kipokezi cha Kinyago, kidogo kama kiberiti, akakitia mfukoni. Afadhali kusema ukweli: hakuwa mtakatifu.

"Ikinikatalia nitapiga," alisema. "Mungu anisaidie isinikatalie."

3

Ilimkatalia kwenye kona ya tano.

Kajiru, dereva wa bodaboda, mwanamume wa masharubu aliyejivunia kwamba pikipiki yake ya umeme haijawahi kulala njiani, alimpandisha kwa mwendo wa kumfanya asali sala zote alizofundishwa utotoni. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha udongo. Kwenye kona ile roli la tangawizi lilikuwa limelala kiubavu, limeziba barabara kutoka ukingo mpaka korongo, magunia yametapakaa kama watu waliochoka na harusi. Hapakuwa na pa kupitisha hata baiskeli.

"Saa ngapi?" aliuliza Aikaruwa.

"Sita na dakika tano."

"Kwa njia ya mguu?"

Kajiru alitazama kijia kilichopanda moja kwa moja kati ya migomba na mashamba ya tangawizi, kisha akamtazama Aikaruwa, kuanzia kichwani mpaka chini, kwa heshima lakini bila kumficha kitu. "Mpare, dakika arobaini. Mchaga, sijui. Labda ningedondosha shilingi huko juu ungewahi."

Alikuwa anamtia moyo kwa namna pekee aliyoijua, na wakati mwingine wowote angejibiwa vilivyo. Aikaruwa alikuwa ameshakitoa kipokezi mfukoni.

Alikigusa. Kinyago, kule ofisini, kilikuwa tayari. Kilimchezea maneno ya kwanza ili aidhinishe. Sauti ikatoka, ya mwanamume mzima, ya kifua, yenye uchovu mtamu.

"Mama Mbazi, mke wangu. Usiogope, leo nimekuja kabla ya siku yetu."

Kajiru alirudi nyuma hatua moja. "Huyo ni Mzee Elinami," alinong'ona. "Huyo nilimzika."

Aikaruwa aliweka kidole juu ya kitufe. Dakika tatu. Angebonyeza, na Mbazi angepata dawa kabla roli halijainuliwa. Aliwaza shavu la Mbazi lisilo na rangi. Akawaza vikombe viwili vya chai, na jinsi kila mwaka, baada ya maneno kwisha, Mama Mbazi alitoka barazani na kile kikombe cha pili, akampa yeye, kimepoa, na kumwambia, "Kunywa wewe, mwenyewe hataki tena." Miaka saba amekunywa chai ya marehemu. Hakuwahi kupewa kitu cha thamani kama kile na mtu yeyote, hata kwao Machame.

Ndipo alipojua kwamba anaweza kubonyeza, na kwamba pengine ingekuwa haki, na kwamba hata hivyo hawezi kabla miguu yake haijashindwa.

"Shika," alimwambia Kajiru, akimpa kipokezi. "Ikifika saa saba kasoro robo na hujaniona nikikupungia kutoka pale juu kwenye mti wa msonobari, bonyeza hapa. Usinisubiri wala usinihurumie."

"Mtani, mimi..."

"Bonyeza. Dhambi yangu."

Akavua viatu, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kupanda.

Mengi ya safari ile hakuyakumbuka baadaye. Alikumbuka kuteleza na kushika majani ya tangawizi, na harufu yake ikamwingia kooni kama kemeo. Alikumbuka mwanamume aliyekuwa akipalilia, akamuuliza anakimbizwa na nini, na alipokosa pumzi ya kujibu, mwanamume yule akatupa jembe, akamshika kiwiko na kumvuta mlima mzima bila kujua sababu. Hakumuuliza jina. Mpaka leo anamwombea.

Kwenye msonobari aligeuka na kupunga mikono yote miwili. Chini kule, Kajiru, mdogo kama punje, aliinua mkono wake mtupu kuonyesha kwamba hakubonyeza.

4

Mama Mbazi alikuwa uani, anaosha tangawizi katika beseni la bluu, kanga mgongoni. Alikuwa na miaka sabini na moja na shingo iliyonyooka. Alimwona Aikaruwa akiingia langoni, matope mpaka magotini, miguu mitupu, na uso wake ukang'aa kwa furaha.

"Tazama! Sauti zimemwishia, sasa analeta tumbo lenyewe! Mchaga, nani amekufukuza? Umedokoa nini kwa watu?"

Aikaruwa alisimama mbele yake. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mikono ya Mama Mbazi ilisimama ndani ya maji. Kwa miaka tisa Mchaga yule hakuwahi kumwamkia. Kila alipokuja alianza na tusi, na tusi ndilo lililokuwa salamu yao.

"Marahaba," alijibu taratibu. "Una nini?"

Aikaruwa alikaa chini, pale pale kwenye majimaji, kama watu wanavyokaa nyumba yenye msiba. "Mbazi ameanguka kwenye mlingoti. Yuko hospitali. Nimemwona kwa macho yangu, nimemshika mguu. Wanataka ukurasa wa damu yake, mama. Kabla ya saa saba."

Mama Mbazi alimtazama. Kuku mmoja alipita kati yao, akadonoa ganda la tangawizi, akaenda zake.

"Tania," alisema Mama Mbazi.

Aikaruwa alitikisa kichwa.

"Wewe Mchaga, tania. Sema mguu wenyewe tuliukopa kwa Wachaga. Sema chochote." Sauti ilikuwa imeanza kupasuka. "Nakuomba, mwanangu. Nitanie kidogo tu. Nitabeba kikapu. Nitakibeba mwaka mzima."

"Siwezi, mama," alisema Aikaruwa, na akaanza kulia.

Hapo Mama Mbazi aliamini. Hakuna mashine iliyomwaminisha. Aliinuka na maji yakimchuruzika viganjani, akaingia ndani, na Aikaruwa akasikia kiganja kikigonga jiwe, kofi moja zito. Neno la siri hakulisikia. Aliziba masikio, kama afanyavyo siku ya vikombe viwili.

Ilikuwa saa sita na dakika hamsini na mbili.

5

Mbazi alikaa hospitali wiki tano. Jumamosi ya sita alipelekwa kwenye banda la tangawizi kwa magongo mawili, na watu wakamwimbia mpaka akawaomba wanyamaze. Mama yake alikuwa amepeleka chungu kizima cha makande kwa Sista Vaileti na ujumbe kwamba sasa kilio chake anakikubali. Chama kilikuwa kimepitisha sheria mpya: habari ya kweli Mrindi haitaletwa kwa sauti, italetwa kwa miguu, na kila kitongoji kikachagua mtu wake wa miguu. Mwanamume wa jembe alichaguliwa kwa kura zote, ingawa alilalamika kwamba hajui amefanya nini.

Kisha mwenyekiti akagonga fimbo chini, akatangaza kwamba kuna kesi.

Mlalamikaji alikuwa Mama Mbazi. Alisimama akiwa amevaa kitenge cha kanisani na kusoma mashtaka kwenye karatasi. Mshtakiwa, Aikaruwa Mmari, Mchaga, alifika nyumbani kwake mchana kweupe, akaingia bila kutukana, akaamkia kama mtu mwenye adabu, na kwa kitendo hicho akamtia mlalamikaji hofu ambayo hajawahi kutiwa na tapeli yeyote. Anadai kuku.

Banda lilipasuka kwa vicheko. Aikaruwa alijitetea kwamba Mpare atauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, na kwamba shikamoo ni haki ya kila mzee hata akiwa Mpare. Utetezi ulitupwa. Alitozwa faini jogoo mmoja, akamleta, maana alikuwa ameonywa mapema amnunue, na akasimamishwa na kikapu kichwani kwa robo saa nzima huku watu waliowahi kunaswa naye wakilipiza miaka tisa. Alicheka mpaka mbavu zikauma.

Watu walipotawanyika, alimfuata Mama Mbazi aliyekuwa ameketi kwenye gunia, jogoo amefungwa miguu mapajani mwake. Alikaa kando yake. Kulikuwa na jambo ambalo alikuwa hajamwambia, na lilikuwa linamnyima usingizi.

Akamwambia lote. Mlango usio na komeo, dakika tatu, kona ya tano, na Kajiru chini ya mlima na kipokezi mkononi.

Mama Mbazi alisikiliza akiwa anampapasa jogoo.

"Ungepiga, ningefungua," alisema mwishowe. "Ningeweka mkono kabla hajamaliza jina langu."

"Najua, mama."

"Na iko bado? Hiyo sauti yake."

"Iko. Nilitaka kuifuta, nikaona si yangu kuifuta bila kukuuliza. Ukitaka kuisikia, nitakuletea. Ukitaka ibaki, itabaki."

Mama Mbazi aligeuza macho kumtafuta binti yake. Mbazi alikuwa kule mlangoni, anamfundisha mtoto wa mtu kutembelea magongo. Upepo ulileta harufu ya tangawizi iliyokauka.

"Anasemaje humo ndani?" aliuliza.

"Chochote ninachomwambia aseme."

"Basi siye." Aliachia kicheko kidogo, na machozi yakamtoka pamoja nacho. "Yule hakuwahi kusema alichoambiwa hata siku moja. Ifute, mwanangu. Ninayo matatu yake, ya kwake mwenyewe. Hayo naweza kuyangoja."

Aikaruwa alichomoa kipokezi mfukoni, akaifuta pale pale, mbele ya macho yake. Kioo chake kidogo kiliuliza mara mbili kama ana hakika, naye akajibu mara mbili.

Mama Mbazi aliinuka, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanyoosha shingo yake. Kisha akafanya jambo ambalo milima ile haikuwahi kulisikia: Mpare aliyeshinda kesi ya kuku, mbele ya hukumu na mashahidi, alimwinua jogoo na kumweka mikononi mwa mshtakiwa.

"Asante," alisema. "Kwa Mbazi, na kwa kupanda kwa miguu. Nimesema mara moja, na mimi ni Mpare, sitoi mara mbili. Ondoka kabla sijabadili nia."

Akaenda kumshika binti yake mkono. Aikaruwa alibaki na jogoo kifuani, anatafuta tusi la kumjibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakupata hata moja.